Kitabu cha Nasaba Kilipopanda Winguni

Jumamosi ile mvua ilikataa kunyesha na ikakataa kuondoka. Fuatino alishuka kwenye gari la kaka yake mbele ya ukumbi wa kanisa pale Salelologa, bandari ya kisiwa chetu, gauni limepigwa pasi, simu imejaa chaji, na moyo haujatulia. Sisi tunaomfahamu tumezoea kumwona hivyo. Ni mtu wa kuogopa tufani, moto na mchwa, kwa mpangilio huo. Siku hiyo alipaswa kuogopa watu, na hilo hakulifikiria.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Thelathini kati ya hiyo aliandika kadi za wagonjwa hospitalini kwa herufi zilezile za mviringo. Hakuolewa, na hapendi kuulizwa kwa nini. Kaka yake Eneliko alipokwenda ng'ambo, Auckland, kuchinja kondoo kiwandani, Fuatino alibaki na baba yao, na baba alipofariki yeye ndiye aliyeachiwa kitabu cha nasaba. Kwetu kitabu hicho hakisomwi ovyo. Ndicho hati ya shamba na ndicho haki ya cheo. Husomwa kwa watu wa damu tu, mapazia ya makuti yakiwa yameshushwa.

Na ndani yake kulikuwa na ukurasa wa kumi na tisa. Ulisema kwamba babu wa babu yao hakuzaliwa katika ukoo wa Lefauolo. Aliletwa mchanga kutoka kijiji cha Matamoa, amefungwa kwenye mkeka, akalelewa kama mtoto wa nyumbani. Baba aliusoma kwa sauti mara moja tu, akiwa mahututi, kisha akamwambia Fuatino, "Usiuchane. Kitabu hakichanwi. Lakini Eneliko asijue. Asiyejua hasemi uongo akiapa."

Sasa cheo cha Lefauolo, yaani cha mkuu wa ukoo, kilikuwa wazi, Eneliko alikuwa amerudi kukidai, na Jumanne angesimama mahakamani kuapa kwamba yeye ni wa damu. Lililompinga ni tawi la ukoo linaloishi sehemu ya juu ya kijiji. Msemaji wa tawi hilo, mzee Vaelua, alikuwa ameketi safu ya pili ukumbini, miwani puani, simu mpya mkononi.

"Mama Fuatino," alimwita, "na wewe umekuja kupanda mawinguni? Si ungesubiri Bwana akuite?"

"Nakutangulia, mzee, nikushikie nafasi. Maana huko juu sijui kama wanakutarajia."

Safu mbili zikacheka, na Vaelua akacheka kuliko wote. Alikuwa hodari wa kucheka, yule mzee.

Kongamano hilo lilikuwa limetangazwa na mchungaji wiki tatu kabla: wanajamii wote waje wajifunze kuhifadhi vitu vyao kwenye wingu. Fuatino alijiandikisha siku hiyohiyo, kwa sababu Januari paa lilivuja na kurasa sita za kitabu zikafifia wino. Wiki nzima alipiga kurasa zote picha, moja moja, dirishani penye mwanga.

Mwalimu alikuwa Ruta, binti mmoja kutoka Apia aliyesema haraka lakini kwa adabu. "Wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali," alisema. "Tufani ikipita hapa, vitu vyako viko kule, salama. Leo kila mmoja apakie kitu anachokithamini. Folda hii ni yetu sote, tutajifunzia humo."

Fuatino aliyasikia maneno hayo vizuri, tusimsingizie uziwi. Ila aliyaelewa kikwetu. Nyumba zetu hazina kuta. Ukipita njiani unamwona jirani amelala, anakula, anagombana na mkewe, nawe unatazama mbele kana kwamba hukuona kitu. Adabu ndiyo ukuta. Kwamba watu thelathini wangeweza kuifungua folda ile hakukumtisha, maana maisha yake yote watu wangeweza kuchungulia kwake na hakuna aliyechungulia. Akaanza kupakia. Kwenye picha ya kumi na tisa kidole kilisita. Kitabu hakichanwi, akajiambia, akabonyeza.

Namkasirikia mpaka leo kwa kidole kile. Natamani ningekuwa nimeketi karibu nikaupiga kofi mkono wake.

Wakati wa chai watu walitoka barazani kunywa kakao na kula maandazi ya nazi. Fuatino alikuwa na kikombe mkononi, amefurahi, paa livuje litakavyo. Alipogeuka akaona kupitia mlangoni kwamba Vaelua hakutoka. Alikuwa peke yake ukumbini, ameinama, akitanua picha kwenye simu kwa vidole viwili. Midomo yake ilikuwa inatembea, kama ya mtu anayekariri aya ya kusoma kanisani.

Akakiweka kikombe chini. Akamfuata Ruta jikoni.

"Binti, nifutie vitu vyangu."

"Vyote? Mbona mapema hivi, mama?"

"Vyote. Sasa hivi."

Ruta akafungua kompyuta, akabonyeza mara mbili. "Haya, havipo tena."

"Havipo kwa mtu yeyote?"

"Humu havipo. Ila kama kuna aliyekwisha kuvichukua kwenye simu yake, huyo mimi siwezi kumfikia." Alimtazama vizuri. "Kwani ni nini, mama?"

"Mapishi," Fuatino alisema.

Jioni ilipokaribia, mchungaji alimwomba Vaelua atoe shukrani kwa niaba ya wote. Ndiyo kazi yake, na hakuna amwezaye. Kabla ya kushukuru ni lazima msemaji awaamkue waliopo, kila kijiji kwa sifa zake na wahenga wake. Alisimama, akaenda taratibu, safu kwa safu. Alipomfikia Fuatino hakutaja sifa za kijiji chetu. Alitaja za Matamoa, zote, bila kuruka hata moja.

"Na heshima ikufikie wewe, binti wa Matamoa," alimalizia, "uliyetoka mbali ukalelewa vyema."

"Mzee amechoka," mwanamke mmoja alinong'ona.

Hakuchoka. Msemaji anaweza kusahau jina la mkewe, lakini salamu za vijiji hakosei. Fuatino alipoinua macho, Vaelua hakuwa anacheka. Alikuwa anamwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko kicheko.

Eneliko alikuwa akingoja nje, gari linanguruma. "Ingia, dada. Jamaa wa Auckland wameshafika na boti ya mchana, nyumba imejaa. Umejifunza nini huko?"

"Zima gari kwanza."

Angeweza kunyamaza hadi Jumanne. Lakini Jumanne ikifika, Vaelua angemuuliza kaka yake mbele ya majaji na mbele ya ukoo mzima, naye angesimama pale kama mtoto. Kwa hiyo alimwambia, kuanzia siku baba alipokuwa mahututi mpaka salamu za Matamoa. Kwetu kaka hamfokei dada yake, kuna agano kati yao. Fuatino alitamani lisingekuwepo, ili Eneliko apige kelele.

Eneliko alikaa na mikono kwenye usukani.

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Siku ile uwanja wa ndege, aliponishika kichwa mbele za watu akaniita Lefauolo wa kesho. Alijua?"

Fuatino alitafuta uongo wowote, hata mdogo, akaukosa.

"Alijua, Eneliko."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia, akawasha gari. Nyumbani alimfungulia dada yake mlango kama kawaida. Alikula na wageni, akawachekesha watoto, akasali sala ya jioni kwa sauti. Jumatatu aliondoka na kivuko cha kwanza na begi moja dogo.

Jumanne, mahakamani, karani aliita jina la Eneliko mara tatu. Mara ya tatu Fuatino alisimama, mbele ya Vaelua na ukoo wote, akasema kaka yake hatakuja kuapa.