Nilivyolinda tembo wa taulo kwenye meli ya kitalii

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Nimeamua kukileta kisa hiki kama kilivyokuwa. Chumvi sitaongeza, maana binti wa shangazi yangu anasoma humu, na nikidanganya habari itafika Tunduma kabla sijamaliza kuandika.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani Iyula, kazi sina. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikiona kuku amesimama kwa mguu mmoja najiuliza anajua nini ambacho mimi sijui.

Shangazi ana duka la matairi ya malori Tunduma. Msambazaji wake wa Afrika Kusini akawazawadia wateja wake wakubwa likizo ya watu wawili kwenye meli ya kitalii, kuanzia Durban. Mumewe alikataa, akasema maji ya kuoga yanamtosha. Nikachaguliwa mimi kwa sababu ya Kiingereza.

Kabla hatujatoka akanipa sharti.

"Baba, natafuta mtu wa kumkabidhi stoo. Huko nakuangalia. Ukiniaibisha mbele za watu, utarudi Iyula ukachume kahawa."

Kwa hiyo abiria wenzangu walikwenda kupumzika, mimi nilikwenda kwenye interview.

Meli yenyewe, wakuu, chukueni foleni ya malori pale boda, ipandisheni ghorofa, iwekeeni madirisha. Ina mabwawa ya kuogelea wakati imezungukwa na bahari. Hilo peke yake nililiwaza siku nzima.

Chumba kilikuwa kimoja, vitanda viwili. Shangazi akatundika kitenge katikati, maisha yakaanza.

Jioni ya kwanza tunatoka kula, tunakuta tembo kitandani kwa Shangazi. Mweupe, amekunjwa kwa taulo, ana mkonga na masikio, na amevalishwa miwani ya Shangazi.

"Huyu naye katokea wapi?" Shangazi akauliza.

Alikuwa ni kazi ya mhudumu wa chumba chetu, Mfilipino mmoja mpole sana. Nikamwambia ni mzuri mno. Akafurahi.

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi peke yake.

Mliokulia nyumba kama zetu mnaelewa. Vile vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi, nani aliwahi kujifutia mikono akabaki salama? Na vikombe vya kabatini, si mpaka aje mchungaji? Kwetu kitu kikipambwa maana yake kisiguswe.

Nikapitisha uamuzi: tembo haguswi. Hata taulo za bafuni zilikuwa zimekunjwa kama maua, nazo nikaziheshimu.

"Sasa tujifutie nini?" Shangazi akauliza.

"Wewe una khanga, Shangazi. Mimi nina fulana."

"Wewe ndiye uliyesoma."

Kesho yake akaja sungura. Kisha bata wawili wamegusana midomo. Kisha nyani akining'inia kwenye hanga ya nguo, huyo Shangazi alimkemea kwa jina la Yesu kwanza ndipo akamzoea. Kila akiongezeka mmoja mimi namsifia mhudumu, na kila nikimsifia anaongeza.

Viti vikajaa, tukawa tunakaa sakafuni. Fulana yangu haikauki. Nikitembea kwenye sitaha nanuka kama mbwa aliyenyeshewa, na wazungu wananipisha njia. Nikajua ni ustaarabu wao.

Halafu mlango ukagongwa. Mhudumu na bosi wake, mama mmoja mwenye suti. Akatafuta pa kukaa, akakosa. Akasema kwa upole kwamba amefurahi tunavyowapenda wanyama, lakini wageni wengine wa korido yetu wanatoka bafuni wanakosa taulo. Je, tungeweza kurudisha hata nusu?

Mhudumu akaongeza kwamba alikuwa anawatengeneza saa zake za kupumzika, kwa kuwa hajawahi kuona wageni wasiotaka kuwakunjua.

Wakuu, nilifikiria kutafsiri kwamba wamekuja kututakia safari njema.

"Wanasemaje?" Shangazi akauliza. "Mbona unatoka jasho?"

Nikasema ukweli. Akamtazama tembo. Akatazama khanga yake iliyoloa.

"Kumbe ni taulo za kujifutia."

"Ndiyo, Shangazi."

"Zote hizi."

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akashika kitenge cha katikati akaanguka nacho. Mhudumu akacheka, bosi akacheka. Mimi nilikuwa nishaanza kuona miti ya kahawa.

Njia nzima ya kurudi hakusema lolote kuhusu stoo. Tulipofika Tunduma nikabeba begi langu nitafute gari la Iyula. Akaniita, akanipa funguo.

"Lakini Shangazi, si nimekuaibisha?"

"Umeniaibisha sana. Ila nimekaa na vijana stooni hapa, tairi likiegemea ukuta vibaya wanaliuza. Wewe umelala na taulo za watu zimejaa chumba, ukajifutia fulana. Matairi yangu nani atayagusa?"

Mpaka leo niko stoo, na tairi halijapotea.

Nilichojifunza: ukiwa ugenini uliza mapema, swali linaisha haraka kuliko fulana inavyokauka. Ila na woga nao una mwajiri wake.

Sebuleni kwa Shangazi sasa yupo tembo wa taulo, juu ya kitambaa cha kochi. Nimemkunja mimi, wageni wanadhani ni nguruwe. Na ole wake atakayemgusa.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kulinda kitu cha kutumia akidhani ni pambo? Jitokezeni, nisibaki peke yangu.