Njiwa Waliogeuza Shingo

Nilipokuwa mtoto, kwetu Ibanda njiwa walikula kabla ya watu. Walikuwa njiwa wa mbio wa papa, baba yangu. Kila kiangazi alikuwa akiwakabidhi kwa dereva wa lori, wanafunguliwa mbali kule Sange, na sisi tunakaa nyuma ya nyumba tukitazama milima hadi wa kwanza atokee. Papa alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hizo aliimba.

Mwaka ule shangazi Nsimire, dada yake papa, alirudi kwetu kutoka Luhwindja baada ya ndoa yake kuvunjika bila mtoto. Yeye ndiye akawa mtunzaji wa njiwa. Tulilala chumba kimoja. Alinisuka nywele, alinifundisha kusoma saa, alinitetea nilipovunja sahani. Nilimpenda kuliko nilivyothubutu kusema mbele ya mama.

Bibi, mama yake papa, alikuwa na sheria zake. Njiwa hukaa kwenye nyumba yenye amani tu. Na njiwa mgeni akitua kwako humfukuzi, maana amekuletea baraka. Kwa hiyo asubuhi moja alipotua mmoja uani, amejikunyata, manyoya yamesimama, bibi alifurahi na kunituma nimweke pamoja na makinda ya mwaka ule. Nilimbeba kwa mikono miwili nikijiona mtu mkubwa. Siku ya tatu alikufa, na hakuna aliyemfikiria tena.

Baada ya wiki kama mbili makinda yalianza kunywa maji kupita kiasi, kutetemeka, kisha kupinda shingo. Yalitaka kudonoa mtama, yakadonoa pembeni. Papa alisaga vidonge vya watu akawapa, haikusaidia kitu. Ndipo bibi akasema, "Njiwa ikigeuza shingo, haitaki kuona mutu fulani mu nyumba."

Kuanzia hapo tukawa tunaangalia. Ni aibu kusema, lakini hata mimi niliangalia. Shangazi alipoingia na maji, shingo zilipinda. Bila shaka zilipinda pia alipoingia papa, na mimi, na paka, ila hizo hatukuzitia maanani.

"Mama, iko ugonjwa tu," papa alisema siku moja tukiwa mezani. Shangazi alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

"Ugonjwa ilitoka wapi?" bibi akamuuliza. "Nani aliingia mu hii nyumba mwaka huu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini yule njiwa mgeni alikuwa baraka ya bibi, na mikono iliyombeba ilikuwa yangu. Nikameza mboga yangu ya sombe, nikanyamaza.

Shangazi aliondoka Jumamosi, akarudi Luhwindja. "Baki muzuri, mama," aliniambia, kama tunavyowaita watoto wa kike kwetu. Papa alimbebea mfuko hadi barabarani bila kumtazama usoni.

Leo kazi yangu ni kutibu mifugo. Ugonjwa ule nilikutana nao darasani: ni virusi, na mara nyingi huletwa na ndege mgeni asiyetengwa. Nilifunga daftari nikatoka nje kulia. Hata hivyo ilinichukua miaka mingine kupata ujasiri wa kwenda Luhwindja.

Nilimkuta shangazi akimenya maharage. Nilikaa, nikamenya naye, nikamwambia yote: njiwa mgeni, virusi, na jinsi nilivyonyamaza mezani. Aliniuliza:

"Ni kweli haikukuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, shangazi."

Mikono yake ikasimama. "Wakati ile, nilikuwa naona maman yako na batoto yake, roho inaniuma. Nikasema, njiwa ziliona ile. Nimeenda kuungama juu yazo mara mingi."

Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, nikiamini kwamba miaka yote hiyo alijua tumemwonea na ametukasirikia. Ningefurahi angekuwa ametukasirikia. Lakini alikuwa ametuamini. Ninapomfikiria bibi sasa simlaumu sana, kwa maana alisema alichokijua. Mimi nilijua jambo jingine.

Shangazi alinisamehe upesi, hata hakusubiri nimalize kuomba. Tulimenya maharage yote, akanipikia, akanisindikiza hadi barabarani. Njiani aliniuliza tena, mara mbili, kama nina hakika.