Sitara ya Mbwa wa Adamji

Wakati wa vita vya Hitla, haya ilikuwa bado haijauhama Mji wa Kale. Tabibu wetu wa mbwa hakumgusa mgonjwa wa kiume bila kupiga hodi, tena wanawake watoke kwanza. Siku moja Adamji alimleta mbwa wa dukani, pumbu zikivuja damu penye kivimbe cha zambarau.

“Ikiwa saratani utamhasi, na nani atalinda duka?”

Tabibu alimtaka mbwa radhi, akakibana kivimbe kwa gilasi. Kikapauka; alipoachia, kikaiva tena.

“Ni mishipa ya damu tu, bwana. Pumbu zinabaki.”

Alikifunga uzi, akakikata, kisha akamvika mbwa kikoi cha begani mwa Adamji.

“Kikoi changu!”

“Atakirudisha akipona. Au apite Marikiti uchi?”