Mama Pélagie na Zamu ya Hilaire

Watu wa ufukwe wa kuvukia kwenda Lubunga, mjini Kisangani, walikuwa na serikali mbili: ile ya Kinshasa, na ile ya Mama Pélagie.

Mama huyu alizaliwa Yanonge, akaolewa, akafiwa na mume, akaja mjini kukaanga mikate ya mafuta kando ya mto. Kwa kuwa alifika kabla ya jua, tena hakuwa na mtumbwi wa kuupendelea, wavushaji waliochoka kupigana ngumi walimkabidhi zamu zao. Kila aliyefika aliegemeza kafi lake kwenye gogo la mama, nyuma ya makafi ya wenzake. Wa kwanza humvusha abiria wa kwanza, awe mlevi, awe mkwewe. Anayekataa, kafi lake huenda mwisho wa mstari.

Siku moja ya mwaka 1976, mvushaji Hilaire alifikiwa na zamu huku redio ikitangaza mpira.

"Mama, Désiré akamate nafasi yangu. Dakika kumi tu!"

"Mupira itakulisha? Ingia mu mutumbwi. Ukitoka, utaenda nyuma ya wote."

Hilaire akaingia, akakaa na kafi mkononi, amenuna. Abiria aliyetokea alikuwa Faustin, fundi wa baiskeli. Pale ufukweni hakuna aliyejua kwamba nusu saa kabla ya hapo, Faustin alikuwa amegombana na mfanyabiashara René na kumuua dukani mwake. Akavushwa, akakamatwa ng'ambo, akahukumiwa kifo. Hilaire naye akapewa miaka ishirini. Mtumbwi tayari majini, mpiga kafi ndani yake: mahakama iliona hayo ni mapatano, kwamba alikuwa akimngoja muuaji.

Tangu hapo mikate ya Mama Pélagie iliungua mara nyingi.

"Ni mimi nilimukalisha pale," aliwaambia wavushaji.

Katika kesi ya kwanza hakuna aliyemwita. Wakili wa Hilaire alipokata rufani, mama alimwendea kila asubuhi, mpaka jina lake likaandikwa kati ya mashahidi.

Siku ya rufani akaeleza yote. Mwendesha mashtaka akatabasamu, akamwita "raia" kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

"Citoyenne, unataka tuamini kwamba wanaume ishirini wenye misuli wanamtii mama wa mikate?"

"Hawanitii mimi, Citoyen. Wanatii zamu. Mukuje muone."

Rais wa mahakama, yaani jaji mkuu wa kesi, mzee wa maneno machache, akasema watakwenda.

Wakaja siku ya Alhamisi, majaji watatu, karani na mwendesha mashtaka, abacost zao, suti zisizovaliwa tai, zimepigwa pasi. Walitaka kuvuka wajionee safari yenyewe. Mwendesha mashtaka akauelekea mtumbwi mpana uliopakwa rangi mpya.

"Ile, hapana," akasema Mama Pélagie. "Wa kwanza leo ni Tonton Évariste."

Mtumbwi wa Tonton, yaani Mjomba, Évariste ulikuwa umezeeka kumshinda mwenyewe, na ndani maji yalifika vifundoni.

"Mama, unajua sisi ni nani?"

"Najua vizuri. Muko abiria."

Mwendesha mashtaka akamgeukia mwenye mtumbwi mpya. "Nakuamuru utuvushe!"

Mwanamume yule akalitazama kafi lake, la tisa gogoni. Akamtazama Mama Pélagie. Akakuna kichwa.

"Pardon, Citoyen Procureur. Afazali jela kuliko nyuma ya mustari."

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Rais wa mahakama akageuza uso kuelekea mtoni, mabega yakimtikisika, kisha akavua viatu na kuingia kwa Tonton Évariste.

Baada ya wiki tatu hukumu ilisomwa kwa Kifaransa, na karani akaieleza kwa Kiswahili. Anayesaidia pasipo kujua anasaidia nini si mshiriki wa kosa. Aliyekalishwa mtumbwini na zamu hakuwa akimngoja muuaji. Alikuwa akimngoja yeyote. Hukumu ya Faustin ikabaki vilevile. Hilaire aachiliwe.

Mama Pélagie akapiga vigelegele mle mle mahakamani, na askari aliyetaka kumnyamazisha akaishia kucheka.

Nje, Hilaire alisimama mbele yake, amekonda, shati likimpwaya.

"Mama, miezi kumi na ine nilikukasirikia."

"Na sasa?"

"Sasa niko na njaa."

Mama Pélagie, ambaye hakuwahi kununua chakula cha mwanamke mwingine katika mji ule, akamshika mkono mpaka kwenye kibanda cha chakula cha Berthe, akamwagizia samaki na lituma, zile ndizi za kupondwa. Akakaa akimtazama akila. Sahani ilipokwisha, akaagiza nyingine.