Chura Namba Nne

Usicheke, mwanangu. Jana ulipokuwa unanisimulia kazi yako ya maabara ulicheka, na mimi nikausukuma ugali kando. Umesema mnafuga panya weupe, mnawapa vyakula vya aina aina, kisha mnaangalia miili yao inavyovitumia, vinasaba gani vinaamka na vipi vinalala, na wangapi wanashika mimba. Kazi nzuri, nilikuwa nakusikiliza kwa fahari. Halafu ukasema panya watatu walikufa kabla ya kupimwa kwa sababu ulisahau kuwawekea maji, nawe ukajaza nafasi zao kwa namba za kukisia ili jedwali lisiwe na mapengo. "Ni panya tu, bibi." Nimelala na hasira, nimeamka nazo, na hata hiyo chai uliyonipikia siitaki kwanza.

Kaa hapo. Leo nakuambia jambo ambalo mama yako mwenyewe halijui.

Kuna siku moja siwezi kuisahau hata nikitaka, lakini lazima nianzie nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ujamaa, watu wanahamia vijiji vipya, redio inasema kujitegemea asubuhi na jioni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, nikapata kazi ya msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya huku kwetu milimani Umatengo. Kazi yangu ilikuwa kutunza vyura. Naam, vyura, usinitolee macho. Siku hizo hapakuwa na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kikatoa mistari. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa sindano chini ya ngozi ya chura jike wa majini, yule mwenye kucha miguuni. Akitaga mayai kufikia kesho yake, mwanamke ana mimba. Asipotaga, hana.

Daktari wetu alikuwa pia na utafiti juu ya vyura hao hao. Alitaka kujua chakula kinavyogeuka kuwa mayai mwilini mwao. Mitungi ya kioo ya kushoto ilikuwa ya vyura wanaoshiba maini na minyoo, hao ndio tuliowatumia kupimia wagonjwa. Ya kulia ilikuwa ya vyura waliopewa chakula kidogo mno. Kila Jumamosi tuliwapima uzito na kuandika daftarini, kila chura kwa namba yake. Miezi ilivyokwenda jambo likaonekana wazi: chura mwenye njaa hatagi, umdunge usimdunge. Mwili ukikosa chakula, uzazi ndio unaosimamishwa kwanza. Liweke akilini hilo, tutalirudia.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Athumani, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilwa. Alivaa sweta mbili mwaka mzima kwa ajili ya baridi yetu na bado alitetemeka. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa sharti moja: chura mpya akae peke yake wiki tatu, asionane na dume, ndipo aguswe na sindano. Jike aliyetoka kwa dume wakati wa mvua hutaga mwenyewe, hata ukimdunga maji ya kisima. Sharti hilo alinikaririsha kama katekisimu.

Akaenda likizo, funguo akaniachia mimi. Na mimi, mwanangu, nilikuwa mcheza ngoma. Mama yangu alikuwa Mnyasa, alinifundisha kioda tangu sijaota meno ya pili, na wiki ile kulikuwa na mashindano ya kioda Mbamba Bay, kule ziwani Nyasa. Nikapanda lori la usipa, wale dagaa wa ziwani, siku ya Alhamisi, nikijiambia kesho nitarudi. Nilirudi Jumapili. Maji ya mitungi yalipaswa kubadilishwa kila siku. Nilipofungua mlango harufu ilinirudisha nyuma. Vyura sita wa kushoto walikuwa wanaelea, matumbo juu; wa kulia, kwa kula kidogo, hawakuwa wamechafua maji yao sana.

Neno la kuandika lilikuwa moja: wamekufa. Neno moja tu! Lilinishinda. Nikachukua ndoo, nikashuka hadi kwenye ngolo za mama yangu. Unayajua mashimo yetu hayo ya kulimia, yale ya chini kabisa karibu na mto hutuama maji mvua zikianza, na vyura hujaa humo. Nikakamata majike sita. Mmoja alikuwa amebeba dume, yaani dume amemng'ang'ania mgongoni hasa, nikambandua kwa mkono wangu huu. Huyo nikamtia kwenye mtungi namba nne. Kisha nikakaa mezani, nikaandika uzito wa Jumamosi ambayo sikuwapo, nikanakili wa wiki iliyopita na kuongeza kidogo hapa, kupunguza kidogo pale, ili ionekane kweli. Jedwali langu halikuwa na pengo hata moja. Unalijua jedwali la namna hiyo wewe, si ndiyo?

Jumanne matroni wa shule ya wasichana akaleta chupa ya mkojo. Ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili anayeitwa Skolastika, mtoto wa ziwani, wa kwanza kutoka kijiji chao kufika sekondari. Baba yake alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nasikia alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema binti yake atarudi kuwa muuguzi wao. Sasa binti alikuwa hajaona siku zake miezi mitatu, na asubuhi alikuwa anatapika. Matroni akataka jibu kesho yake.

Ningeweza kusema vyura hawako tayari, rudi baada ya wiki tatu. Lakini angeuliza kwa nini. Nikaipokea chupa, nikamtoa namba nne, nikamdunga. Asubuhi mtungi ulikuwa na mayai tele, madogo, meusi kama ulezi. Nilijua, mwanangu, usije ukafikiri sikujua. Nikajitia hamnazo. Nikaandika ANA MIMBA, daktari akatia sahihi kwa sababu aliniamini.

Ijumaa walimfukuza shule. Nilimkuta kwenye lango la hospitali akisubiri lori la kushuka ziwani, amekalia sanduku lake la bati, mifupa ya shingo imemtoka kama mzee. Akasimama aliponiona.

"Dada, mimi sijawahi kulala na mwanamume. Umeangalia vizuri?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Chura hasemi uongo." Nikapita.

Mpaka leo hasira hainiishi, na sijikasirikii mimi peke yangu. Shule ile ilikuwa katikati ya kujenga mabweni kwa kujitegemea. Wasichana walifyatua matofali tangu alfajiri, wakala uji mwepesi mchana na ugali kidogo jioni, na walikuwa wanakonda mbele ya macho ya watu wazima. Mwalimu mkuu alimwona. Matroni alimwona. Daktari, msomi mzima, ambaye kutwa anaandika habari za chura mwenye njaa, alipitisha karatasi bila kumwita mtoto wa watu amtazame usoni. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, mama, umekula nini? Wote tulimtazama chura, na chura mwenyewe alikuwa wa kuokota.

Bwana Athumani alirudi baada ya wiki mbili, akaniletea tende. Jumamosi tukaanza kupima uzito. Alipofika namba nne akamgeuza tumbo juu kiganjani, akamtazama miguu kwa muda mrefu.

"Binti, namba nne alikosa ukucha mguu wa kushoto. Huyu anazo zote. Huyu nani?"

Nikababaika, nikasema labda ukucha umeota upya. Loo, ujana! Akamrudisha chura majini taratibu, akavua miwani.

"Umempima mtu kwa hawa?"

"Mmoja tu, Bwana Athumani."

"Mmoja tu," akasema. Akataka nimweleze ni nani, nikamweleza yote, mpaka yale mabweni na uji. Nilitamani apige kelele. Hakupiga. Alilivuta daftari, akalifungua kwenye kurasa za vyura wa kulia, akaweka kidole juu ya mwandiko wangu. "Hapa umeandika mwenyewe, miezi sita, kwamba mwenye njaa hatagi. Na msichana mwenye njaa hedhi humkatika vile vile, na tumbo tupu humtapisha asubuhi. Jibu la mtoto yule lilikuwa humu humu ndani. Ukaliacha, ukaenda kumkamatia uongo shambani kwa mama yako."

Nilianza kulia, akanikatiza. "Lia njiani. Kesho kutwa unashuka ziwani, unamwambia baba yake kwa mdomo wako. Barua ya shule nitaandika mimi."

Jumatatu nikashuka. Nilimkuta mama yake Skolastika ameinamia chanja, anageuza usipa wakauke juani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza kama nimetoka shuleni kumwona mwenzangu. Akasema nimechelewa, wamemwoza juzi. Kwa mjane mmoja wa kijiji cha pili, mwanamume wa umri wa baba yake, ili mtoto asizaliwe bila baba. Alisema hivyo bila kuacha kugeuza samaki.

Nilisema nilichotumwa kusema. Balozi alitoka ndani akiwa na shati la mikutano, akasikiliza, kisha akakaa chini mchangani. Watu walinisimulia baadaye kwamba alimchapa binti yake siku tatu ili amtaje mwanamume, na binti akashikilia kwamba hakuna. Nilimwonea huruma yule mzee na nilimkasirikia papo hapo. Mtoto uliyemzaa anakulilia ana kwa ana, wewe unaamini karatasi!

Wakatuma mtu akamwite Skolastika kwa mumewe. Alikuja amefunga kitambaa kichwani kama mke wa mtu, akasimama, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kwa kofi.

"Basi chura hakusema uongo, dada," akasema. "Alitaga kwa sababu ya dume lake. Aliyesema uongo ni wewe."

Akaenda kumsaidia mama yake usipa. Aliishi kwa yule mwanamume hata hivyo, kwani mambo ya watu wazima yalikuwa yamekwisha semwa, na aibu ya kumrudisha waliiona kubwa kuliko aibu ya kumwacha. Hata mwezi haukuisha, kwa kula samaki na ugali wa muhogo wa kwao, akaona siku zake. Shule nayo ikajibu kwamba nafasi yake imeshapata mtu. Bwana Athumani aliandika mara tatu, mara tatu wakamjibu yale yale. Mimi niliondolewa maabara, nikapelekwa kufua mashuka ya wodini, na ilinistahili. Na utafiti wa daktari ulitupwa wote, kwa sababu hakuna aliyejua tena ni namba ipi ya kweli na ipi ya kwangu. Kazi ya miezi ya watu, na ya vyura waliokufa, ikaenda na maji.

Sasa nikuambie Skolastika ni nani. Ni Bibi Skola. Yule yule wa Mbamba Bay anayekufungia usipa kila unaporudi chuoni, anayekukalisha na kukuuliza maabara ikoje, darubini mnayotumia inakuza kiasi gani, panya mnawatofautishaje. Mwaka jana ulinicheka ukasema bibi huyu ana maswali kama mwalimu. Ana maswali kwa sababu hayo maswali yalikuwa yake! Koti jeupe unalolining'iniza mlangoni kwangu lilikuwa lake kabla wewe hujazaliwa. Kama amenisamehe? Huleta usipa, hunisalimia, hukaa tukanywa chai. Kumwuliza sijawahi kuthubutu.

Wewe unasema ni panya tu. Na mimi nilisema ni chura tu. Nani atakunywa dawa itakayotoka kwenye jedwali lako? Mwanamke gani ataambiwa anaweza kuzaa au hawezi, kwa namba tatu ulizotunga kwa sababu ulisahau maji? Humjui. Ndiyo hatari yenyewe, kwamba humjui. Mimi angalau wangu nilimwona usoni langoni.

Basi sikia, na ulishike. Mnyama akifa mikononi mwako, andika amekufa. Ukisahau, andika umesahau, na saini jina lako hapo hapo. Usilionee haya pengo, onea haya kulijaza kwa uongo. Mtu akikuuliza kama umeangalia vizuri, usimsukumie chura wala panya wala mashine, nenda ukaangalie tena. Na kabla hujaiamini karatasi, mtazame mtu mwenyewe, umwulize amekula nini. Jumatatu utakwenda kwa mkubwa wako kabla hajaligundua mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako. Akikufukuza, rudi hapa, kitanda chako kipo na mashamba yapo.

Mungu akupe macho ya Bwana Athumani, yaliyomjua chura kwa ukucha mmoja. Akupe mkono ulio mzito kuandika usichokiona. Akupe kazi itakayomfaa mtu usiyemjua, na siku utakapolivaa tena koti lile uwe umelivaa kwa ajili yenu wawili, wewe na Skola. Baraka zangu zote ni zako, mwanangu, lakini sizitoi leo. Ziko kwenye lile jedwali, zinakusubiri uyarudishe mapengo yake matatu.