Bakuli la Shangazi

Hadi leo nikinusa wali uliochacha, namwona shangazi yangu. Alikuwa dada yake baba, mke wa mkubwa fulani serikalini, na alikaa Buruburu kwenye nyumba yenye uwanja na mbwa. Sisi tulikaa mtaa wa Jericho, ng'ambo tu ya barabara, chumba kimoja na pazia katikati. Kila alipopata wageni wa Jumapili, baadaye aliniita nikachukue bakuli la plastiki. Ndani mlikuwa na wali uliolala siku mbili, unavutika kama kamasi, na mapaja ya kuku yaliyokwisha kung'atwa. Kung'atwa, nasema. Niliona alama za meno.

Mama alichambua akatupa, akachambua akatupa, huku akisema Mungu ambariki wifi yake. Kisha aliosha bakuli. Kwao Ukambani kurudisha chombo cha mtu kitupu ni aibu, kwa hivyo alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akatia maharagwe na nyama ambayo sisi wenyewe hatukuionja, akanituma.

Shangazi hakuwahi hata kufunua.

"Hiyo mwagia mbwa," alimwambia mfanyakazi wake, nami nimesimama palepale.

Nyumbani mama aliuliza, "Amesemaje?"

"Amesema asante sana. Ati hakuna mtu anapika muthokoi kama wewe."

Ungemwona mama. Shingo ilinyooka. Alitoka kuanika nguo akiwasalimia majirani kwa sauti, mtu mwenye watu wa kuwalisha Buruburu. Basi nikaendelea kuzitunga hizo asante, na mbwa akaendelea kunenepa.

Krismasi moja mama akataka kwenda mwenyewe kuwasalimu. Tulipitia mlango wa nyuma. Mbwa alikuwa ameingiza mdomo kwenye sufuria kuukuu, akila muthokoi nilioupeleka asubuhi ile. Mama alisimama akatazama. Halafu akaingia, akanywa chai, akashukuru kwa chai.

Njiani aliniuliza, "Zile asante zilikuwa za nani?"

"Zangu."

Hakunigombeza. Bakuli lililofuata alilimwaga lote kwenye pipa la taka, akaliosha, akanipa nilirudishe hivyo hivyo. Shangazi alilipokea, akahisi ni jepesi, na kwa mara ya kwanza akafunua.

"Ai, siku hizi hata asante hamna?"



Nilirudi nikamweleza mama neno kwa neno, bila kupunguza. Jioni alipika muthokoi wenye nyama na kunipakulia mimi kwanza. Nilikula sahani nzima bila kuinua kichwa. Ulikuwa mtamu kweli, nami nikataka ajue.

"Asante, mama. Hakuna mtu anapika kama wewe."

Mwiko mkononi, aliniangalia kwa muda mrefu, akijaribu kujua kama hii nayo nimeitunga.