Betri za Susu Juu ya Mabati

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alilazwa hospitali kule Kitui kwa ugonjwa wa kifua, na shida zangu zikaanzia hapo. Baba simtaji, alikuwa ameshaenda zake. Nguo zangu mbili zilifungwa kwa leso, nikapelekwa Nairobi kwa mama wa mama, Mashimoni, Kibera. Sisi Wakamba nyanya tunamwita Susu, kwa hivyo hata wewe rafiki yangu mwite hivyo tu.

Mambo hayo nilikuwa nimeyaweka mbali miaka mingi. Yamerudi juzi, hapa kwangu Kawangware, kwa sababu ya simu. Simu yangu ni ya miaka sita na mgongo wake ulikuwa umeanza kufura, kama mtu ameficha andazi ndani. Mjukuu wangu, ambaye ana saluni hapa chini mtaa wa Kongo, aliichukua akaigeuza na zile kucha zake ndefu.

"Shosh, hii imeenda. Betri imefura."

"Basi itoe, tununue betri nyingine."

"Haitoki. Siku hizi wanazibandika na gluu. Hazikutengenezwa zifunguliwe."

"Lete hapa niianike kwa jua kidogo."

Alipiga nduru mpaka mpangaji wa chumba cha tatu akatoa kichwa. "Kwa jua? Shosho! Unataka kuchoma ploti? Wachana nayo, nitakuagizia ingine online, inaletwa mpaka kwa mlango."

Mambo ya online nayajua. Mwaka jana niliona sufuria kwa simu, seti nzima, zinang'aa kama za harusi. Zilipoletwa, ile kubwa ilitosha kuchemsha yai moja, na yai lenyewe liwe la kienyeji. Nikampigia aliyeniuzia, akaniambia mama, vipimo viliandikwa pale chini. Pale chini ndipo siku hizi wanaandika ukweli, kwa herufi za kutembea kama siafu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu lakini huo ujanja nimeujua bila mwalimu.

Isitoshe, simu siwezi kukaa bila hata siku moja. Tuna mgonjwa wetu hospitali Kitui, na habari zake zinakuja kwa grupu ya familia. Mjukuu alipoondoka nilibaki nimeishika ile simu mkononi, ina joto kama kifaranga, na maneno yale niliyosema bila kufikiria, niianike kwa jua, yakanichukua yakanirudisha mpaka Mashimoni.

Wewe wa umri wangu unakumbuka. Asubuhi hewa ilikuwa ya moshi wa makaa na chai ya strungi, ile isiyo na maziwa. Gari moshi likipita, vikombe vinaongea kwenye rafu. Susu aliuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mlio wa kinu chake ndio ulikuwa unaniamsha, tu, tu, tu, mpaka leo nikisikia mtu anagonga ukuta polepole nashikwa na usingizi mtamu. Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda, jiko, debe la maji, na kwenye meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe alichoshona kwa mkono, redio.

Ilikuwa redio pekee katika ploti yote. Babu aliinunua akifanya kazi ya upishi, akafa akaiacha. Ilikula betri nne kubwa, na betri wakati huo hazikuwa mchezo. Kwa hivyo redio haikuwashwa ovyo. Ilifungwa siku nzima, ikafunguliwa saa saba mchana, wakati wa habari na matangazo ya vifo, halafu tap, inazimwa. Watu wa ploti walijua saa yao. Walikuja wakasimama mlangoni, fundi wa viatu, Mluhya mmoja mrefu wa maneno, akiwa bado na msumari mdomoni, na mama wa mandazi akiwa na unga mpaka kwenye kiwiko.

Kazi yangu ilikuwa betri. Kila asubuhi nazitoa, napanda kwenye ndoo, nazipanga juu ya mabati zikiangalia upande mmoja. Jua linazila, nayo mabati yanawaka. Kabla ya saa saba nazishusha zikiwa moto, nazigonga mbili mbili zipate kuamka, nazirudisha. Betri iliyokufa jana ilikuwa inaongea leo. Usiniulize ni kwa nini, hata wataalamu sijasikia wakisema. Susu alinipa onyo moja tu: "Zisinyeshewe. Betri ikiingia maji, hata jua la Kitui haliirudishi."

Sasa sikiliza kwa nini redio ile ilikuwa na uzito kwetu. Nyumbani Kitui hakukuwa na simu, na barua ilichukua wiki, tena nani wa kuiandika. Mama akifa hospitali, watu wa nyumbani hawakuwa na njia nyingine ya kutuambia isipokuwa redio. Kwa hivyo kila mchana mtangazaji akianza na ile sauti yake ya kanisani, habari za kusikitisha ziwafikie fulani wa mahali fulani, Susu alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, mkono kwenye kitufe cha redio, macho yamefungwa. Majina yalipita. Ya Machakos, ya Busia, ya Nyeri. Yakiisha, alizima, akavuta pumzi, akasema kila siku maneno yale yale:

"Leo hatumo. Weka maji ya chai."

Hiyo chai sijawahi kunywa nyingine kama hiyo.

Ndio ukaja mwezi wa saba. Unaijua Nairobi mwezi wa saba, mawingu yanakaa juu ya mabati kama blanketi ya jela, na jua haliji hata kusalimia. Betri zikaanza kuchoka. Sauti ya mtangazaji ikawa ya mtu anayezama. Na fundi wa viatu, akitoka pale mlangoni siku moja, akamwambia mama wa mandazi, akidhani sisikii, "Huyo wa kifua miezi minne? Hiyo wataisoma tu, hata kama si leo."

Wataisoma. Nilitembea na neno hilo siku mbili. Nikafikiria na akili ya miaka tisa, ambayo ni akili kamili, usidharau. Wote waliosomwa walikuwa wamekufa. Sikuwahi kusikia mtu aliyekufa bila kusomwa. Basi redio isiposoma, mama hatakufa.

Asubuhi nilizichukua betri nne kama kawaida. Sikupanda kwenye ndoo. Nilienda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji ya mvua nikaziachilia moja moja, nikaona vipovu vikipanda. Karibu saa saba nikazitoa, nikazipangusa na gauni. Redio ilisema khh, mara moja, ikanyamaza.

Susu alinunua nyingine siku hiyo hiyo. Wakati huo mwenye duka alikuwa na balbu ndogo yenye waya mbili, na kabla hujalipa anaigusisha kwa betri mbele yako, inawaka, mmeonana macho, biashara imekwisha. Zikawaka zote nne. Kesho yake nikazizamisha pia.

Alienda dukani na betri kwenye aproni, mimi nyuma yake.

"Umeniuzia maiti!" alimwambia mwenye duka.

"Mama, si uliona zikiwaka?"

"Niliona ujanja wa balbu yako."

"Walahi, mama, hizi zimelowa. Angalia, bado zina maji."

"Nani azitie maji, panya?"

Watu wakacheka. Mwenye duka aliniangalia, muda mrefu kidogo, na mimi nikaangalia mizani yake. Hakunitaja. Mtu yule alikuwa muungwana, na Susu hakununua kwake hata kiberiti kwa mwaka mzima.

Pesa ya betri zingine haikuwepo. Redio nyingine ya karibu ilikuwa hotelini, na hoteli ilikuwa ya wanaume. Kwa hivyo tulikaa kimya, siku tano. Saa saba Susu aliketi kwenye kiti chake vile vile, mkono kwenye kitufe, redio imekufa. Hakusema "leo hatumo", kwa sababu hakujua. Na chai haikuwekwa. Hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba nimefanya kitu, lakini sikujua ni kitu gani.

Siku ya tano, mchana, kinu cha Susu kikiwa kinagonga, nikasikia mama wa mandazi akimwambia mtu huko nje, "Nyumba ya redio? Ni hapo, yenye ndoo mlangoni." Kivuli kikaziba mlango. Mama yangu. Mwembamba, shingo kama ya korongo, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, kifurushi kichwani.

"Kwani redio yenu imelala?" ndiyo salamu yake.

Hospitali ilikuwa imemruhusu. Alikuwa ameuza kuku wake akalipia tangazo, lisomwe baada ya yale ya vifo, kwamba Susu wa Mashimoni aje ampokee stendi ya mabasi. Lilisomwa siku ya tatu ya kimya chetu. Mama alikuwa hajawahi kuona Nairobi. Alikaa stendi siku nzima na usiku wake, mtu ametoka wodi ya kifua, kwa baridi ile, mpaka mwanamke mmoja wa kwetu aliyekuwa akiuza miwa akamwonyesha njia ya Kibera. Hakujua mlango wala namba. Aliuliza nyumba ya yule mama Mkamba mwenye redio, na kila mtu alimwonyesha kwa kidole.

Susu alilia, akacheka, akamtukana tena mwenye duka aliyeuza maiti.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mama peke yake, tukiwa pale kwenye pipa. Nilimwambia yote, redio, fundi wa viatu, vipovu. Nilingoja kofi. Aliangalia ndani ya maji kama anatafuta kitu.

"Kwa hivyo ulifunga mlango nisife," akasema. "Na mimi nilikuwa hapo nje nabisha."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Kwa Susu hakunisema. Miaka mingi baadaye, Susu akiwa mzee kabisa, ndio nilienda nikamwambia mwenyewe. Alisema tu, "Na yule mwenye duka masikini?" Alikuwa amekufa zamani. Tulisikia kwa redio.

Siku hizi mabati ya Mashimoni yamepandiwa na mabati mengine, na hakuna anayeanika kitu juu yake isipokuwa viatu vya shule. Kinu sijakisikia miaka. Balbu ya dukani imeenda. Hakuna mtu anayesimama mlangoni kwa mwingine kusikiliza chochote, kila mtu ana redio yake masikioni. Kifo sasa kinakuja kwa grupu, katikati ya mtu anayeuza kabati na mwingine aliyetuma mtoto wa paka akicheza densi. Na usipopenda kusikia, unaweza kunyamazisha grupu kwa kidole. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinyamazisha wiki nzima. Tena nikuambie kweli, simu ilipofura, kitu ndani yangu kilifurahi. Kwa sababu yule mgonjwa wetu wa Kitui ni mama. Mama yule yule, kifua kile kile, miaka themanini na zaidi. Nilikuwa nimerudi kwenye pipa.

Basi niliinuka nikaenda kwa fundi wa simu hapa stage ya matatu. Kijana ana meza ndogo na kifaa cha kupuliza moto.

"Hii inafunguka?" nikamuuliza.

"Mathe, kila kitu inafunguka, ni roho tu."

Aliipuliza, gluu ikalainika, mgongo ukatoka. Akachukua betri mpya kwenye droo. "Hii ni original."

Siku hizi mtu akikuambia original, shika mkoba. "Iwashe nikiona."

"Aki mathe, huniamini?"

"Sijalipa bado. Iwashe."

Akacheka, akaiwasha mbele yangu. Ikawaka. Tukaonana macho, nikalipa. Nilipofika nyumbani niliondoa ule ukimya wa grupu, na sasa kila siku saa saba nakaa kwenye kiti naisoma yote, pamoja na kabati na paka, polepole, kwa sababu kusoma kwangu ni kwa kidole. Mchana huu hapakuwa na kitu. Ndugu yangu ameandika tu mama amekunywa uji na anauliza nani atamletea miwa. Leo hatumo. Nimeweka maji ya chai, na kesho natoka na basi la kwanza la Kitui.

Mimi niliyeanza na nguo mbili kwenye leso nina vyumba kumi na viwili vya mabati hapa Kongo. Nina duka la makaa na mizani yake. Nina shamba dogo Kitui lenye kisima. Nina redio ya babu, haiongei, na kitambaa chake. Nina simu moja ya miaka sita, betri mpya. Nina mama mmoja, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.